Kaboni iliyolala majini: kwa nini kinamasi cha Kongo kinaweza kuungua bila kiberiti

Mwaka 2025 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichukua hatua mbili ambazo ni vigumu kuzipatanisha. Mwezi Januari iliuanzisha rasmi Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la hifadhi linalozidi kilomita za mraba 540,000. Miezi michache baadaye ikafungua vitalu 52 vipya vya mafuta katika Cuvette Centrale, yaani bonde la kati la Mto Kongo, ambako chini ya misitu ya kinamasi imelala akiba kubwa mno ya mboji. Wanaotetea hifadhi husema kaboni iliyomo humo isiguswe. Wanaotetea mafuta hujibu kwamba kisima ni kitu kidogo katika msitu mkubwa, na kwamba mboji itabaki pale ilipo.

Katika mabishano hayo neno moja hupita bila kuulizwa: kuhifadhi. Mahindi huhifadhiwa ghalani, na gunia likifungwa vizuri halina haja ya kwenda popote. Kaboni ya mboji haikai hivyo. Mfano ulio karibu nayo zaidi ni lori lenye shehena, breki zake mbovu, lililoegeshwa mlimani na kuwekewa jiwe chini ya gurudumu. Lori limetulia, na mpita njia anaweza kudhani litatulia milele. Lakini utulivu huo si wa lori. Ni wa jiwe. Katika kinamasi cha Kongo jiwe hilo ni maji.

Kwa wasikilizaji wa Burundi mboji si kitu kigeni. Ni ule udongo mweusi, mwepesi unapokauka, wenye nyuzi za mizizi na majani yasiyooza kikamilifu, ambao maofisini huitwa kwa Kifaransa tourbe, na ng'ambo ya mto Akanyaru, nchini Rwanda, huitwa nyiramugengeri. Shirika la taifa ONATOUR limekuwa likiuchimba tangu miaka ya 1970, na vipande vyake vyeusi vimepikia chakula cha kambi za jeshi na magereza. Kwa hiyo swali la Kongo ni swali la hapa nchini pia, ijapokuwa kwa vipimo vidogo.

Joto na kaboni hukaa nyumba moja

Mti unapokua hutumia mwanga wa jua kuitenga kaboni na oksijeni iliyoshikamana nayo katika hewa ukaa. Kazi hiyo ni nzito, na jua ndilo linaloigharimia. Kaboni inabaki katika shina, majani na mizizi. Oksijeni inarudi angani. Tangu siku hiyo viwili hivyo vinadaiana. Vikikutana tena na kuungana, deni hulipwa kwa joto. Wanakemia huuita mmenyuko unaotoa joto, na kila anayewasha jiko la makaa jioni huushuhudia.

Hesabu yake inajulikana vyema. Kilo moja ya kaboni safi ikiungana kikamilifu na oksijeni hutoa takriban megajuli 33 za joto. Kama lisingepotea hata kidogo, joto hilo lingetosha kufikisha karibu lita 100 za maji ya kawaida ukingoni mwa kuchemka. Kilo hiyohiyo huacha kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa kuwa kila chembe ya kaboni hujitwalia chembe mbili za oksijeni, na oksijeni ina uzito wake. Hii ndiyo sababu tani moja ya kaboni iliyotoka ardhini huwa karibu tani nne za gesi angani, jambo ambalo ripoti nyingi hulichanganya, zikitaja kaboni mahali panapostahili hewa ukaa, au kinyume chake.

Matokeo ya hesabu hiyo ni kwamba popote kaboni ilipowekwa katika umbo la kuni, makaa, mafuta au mboji, joto nalo limewekwa pamoja nayo. Anayeuliza ni tani ngapi za kaboni zimo ndani ya kinamasi anauliza, hata kama hajui, ni moto kiasi gani ambao haujawaka.

Kwa Cuvette Centrale jibu lilipatikana hivi karibuni tu. Januari 2017 watafiti wakiongozwa na Greta Dargie na Simon Lewis kutoka Uingereza, pamoja na Suspense Ifo wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi mjini Brazzaville, walichapisha ramani ya kwanza ya mboji hiyo. Mwaka 2022 ramani ikarekebishwa baada ya vipimo vingi zaidi upande wa Kinshasa, ambako Corneille Ewango wa Kisangani alikuwa miongoni mwa walioingia kinamasini. Makadirio mapya yanataja kilomita za mraba 167,600, kina cha wastani cha mita 1.7, mahali pengine zaidi ya mita 6, na kaboni tani bilioni 29. Hiyo ni karibu theluthi moja ya kaboni yote ya mboji ya nchi za joto. Theluthi mbili za eneo hilo ziko Kongo-Kinshasa, sehemu iliyobaki iko Kongo-Brazzaville. Ikiungana yote na oksijeni itatoa hewa ukaa zaidi ya tani bilioni 100, takriban sawa na ile inayotolewa na dunia nzima kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi katika miaka mitatu.

Kwa nini basi haijaungua? Joto halikosekani, umeme wa radi haukosekani, na wawindaji huwasha moto humo tangu enzi. Jibu linapatikana katika kilo moja ya mboji iliyotolewa kinamasini asubuhi ya leo. Humo gramu 900 hivi ni maji. Gramu 100 zilizobaki zingeweza kutoa kama megajuli 2 za joto. Lakini kuyapasha moto na kuyageuza mvuke yale maji gramu 900 kunahitaji karibu megajuli 2.3. Mapato hayafikii matumizi, na moto hufa kabla ya kuzaliwa. Kausha mboji hiyo juani hadi maji yawe theluthi moja ya uzito wake, na hesabu inapinduka: kila kilo sasa ina megajuli 13 za kutoa, na maji yanadai chini ya megajuli 1. Ndiyo maana mboji hukatwa, hupangwa na kuanikwa kwa wiki kadhaa kabla ya kupelekwa jikoni.

Maji hufanya kazi ya pili iliyo kubwa kuliko hiyo. Oksijeni hupenya kwa shida katika maji yaliyotuama. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani huihitaji kama binadamu anavyoihitaji, na wakiikosa kazi yao hudorora. Majani mapya huanguka juu ya yale ambayo hayajamalizwa, tabaka juu ya tabaka. Mboji ni chakula kilichowekwa mbele ya walaji waliozibwa pumzi.

Moto usio na mwali

Hapa ndipo hoja ya kwamba mboji itabaki pale ilipo inapoanza kuyumba. Mwaka 1840 mwanakemia Germain Hess, akifanya kazi Saint Petersburg, alionyesha kwamba joto linalotolewa na mmenyuko halitegemei njia iliyopitiwa. Vitu vya mwanzo vikiwa vilevile na vya mwisho vikiwa vilevile, joto ni lilelile, iwe safari imechukua dakika tano au miaka hamsini. Kipande cha mboji kinachoteketea tanurini na kipande kinacholiwa na bakteria katika shamba lililotolewa maji huishia mahali pamoja: hewa ukaa na maji. Kwa hiyo hutoa joto lilelile. Tofauti ni kasi, na kwamba hilo la pili hakuna anayeliona.

Wakulima wanalijua joto hili ijapokuwa hawaliiti kwa jina la kemia. Lundo la samadi hufuka mvuke asubuhi ya baridi. Majani mabichi yaliyorundikwa huwa na moto katikati. Katika shamba lililo tambarare joto hilo hutawanyika, hivyo mkono hauhisi kitu. Likirundikana mahali lisipoweza kutoka, kama katika marundo makubwa ya mboji kavu, laweza kupanda hadi rundo kujiwasha lenyewe.

Jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, limeweka makadirio ya mboji ya nchi za joto iliyotolewa maji na kupandwa michikichi: tani 11 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Ukiigeuza kaboni hiyo kuwa joto, kisha joto hilo kuwa makaa, unapata kilo 30 na ushei za makaa kila siku, katika kila hekta, mwaka mzima, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Hakuna sufuria inayotelekwa juu yake. Ardhi yenyewe hushuka sentimita kadhaa kwa mwaka, na mmiliki huona mizizi ya michikichi yake ikibaki juu bila kujua udongo umekwenda wapi. Umekwenda angani.

Msomaji anaweza kuuliza kama joto hilo ndilo linaloipasha dunia. Silo. Xiaochun Zhang na Ken Caldeira wa Taasisi ya Carnegie, Marekani, walilipima swali hilo mwaka 2015 kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Waligundua kwamba joto linalozuiwa angani na hewa ukaa hulipita joto la mwako wenyewe ndani ya miezi miwili. Kwa muda wote ambao gesi hiyo hukaa angani, joto linalozuiwa ni zaidi ya mara 100,000 ya lile lililopikia chakula au kuzungusha mtambo. Moto wa kwanza humalizika siku ileile, na wa pili hurithishwa wajukuu na wajukuu wa wajukuu.

Indonesia ililipa gharama ya somo hili. Kati ya mwaka 1995 na 1999, chini ya utawala wa Suharto, mradi wa kugeuza hekta milioni moja za kinamasi cha Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga ulichimba maelfu ya kilomita za mifereji. Mpunga ulishindwa. Mifereji ilibaki, ikiendelea kuyatoa maji mchana na usiku. Ukame wa El Niño ulipofika mwaka 1997 mboji ilishika moto, na watafiti walikadiria kwamba Indonesia ilipoteza kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni katika mwaka huo mmoja. Moto wa mboji hauna mwali mrefu. Hutambaa chini ya miguu, hukaa majuma, huibuka mita mia mbele ya wazimamoto. Mwaka 2015 ukarudi, ukateketeza hekta milioni 2.6 za misitu na mashamba, baadhi zikiwa za mboji, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Mwezi Januari mwaka uliofuata Jakarta ikaunda wakala maalumu wa kurejesha mboji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba mifereji.

Inafaa kukumbuka kwamba Indonesia ilikuwa tayari na mafundi, bajeti na barabara ambazo mkoa wa Équateur hauna. Pale Mbandaka moto wa namna hiyo ukishika, hakuna atakayeuzima isipokuwa mvua.

Na Kongo yenyewe imeshawahi kupitia hali hii bila mkono wa binadamu. Mnamo Novemba 2022 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mhimili wa mboji uliochimbwa katika Cuvette Centrale, wenye historia ya miaka isiyopungua 17,500. Tabaka la kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita lilikuwa limeoza kupita matabaka ya juu na ya chini yake. Sababu ilionekana katika mabaki ya nta ya majani: tabianchi ilianza kukauka miaka kama 5,000 iliyopita, maji yakashuka, na kinamasi kikaanza kujila, hata kaboni iliyokuwa imewekwa kabla ya ukame ikapotea. Hali ilipotulia, miaka 2,000 hivi iliyopita, ujenzi ulianza upya. Kinamasi hicho, basi, kina mpaka wake, na kimewahi kuuvuka. Hili ndilo linalotia wasiwasi zaidi kuliko mafuta yenyewe, kwani barabara za tuta, mifereji na makazi yanayofuata visima huongezwa juu ya ukame ambao huenda ukaja kwa njia zake.

Hifadhi ambayo joto lake limekwisha kutoka

Si kila kaboni iliyohifadhiwa imeegeshwa mlimani. Iko nyingine iliyokwisha kufika bondeni, na fundi yeyote wa chokaa anaifahamu. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini hadi nyuzi 900 hivi, hewa ukaa ikatoka. Chokaa inayobaki, ikitiwa maji, hufoka na kuchemka yenyewe. Ikipakwa ukutani huanza kunyonya hewa ukaa polepole, siku baada ya siku, na kurudi kuwa jiwe. Hapo pia joto hutoka, dogo na la taratibu mno kuhisiwa na kiganja.

Katika chokaa ya ukutani joto hutoka wakati kaboni inapowekwa. Katika mboji joto hutoka wakati kaboni inapotoroka. Kaboni iliyogeuka jiwe imekwisha kulipa deni lake. Hakuna oksijeni, bakteria wala kiberiti kitakachoifanya itoe joto tena, na anayetaka kuitoa atalazimika kuingia gharama ya tanuri. Haihitaji mlinzi.

Ndiyo maana Iceland imevutia macho ya wengi. Huko mradi wa Carbfix huyeyusha hewa ukaa katika maji na kuyasukuma chini kwenye miamba ya volkano, na mwaka 2016 watafiti waliripoti katika jarida la Science kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyoingizwa iligeuka jiwe kwa muda usiofika miaka miwili. Afrika Mashariki ina miamba ya namna hiyo. Nchini Kenya kampuni ya Octavia Carbon, ikishirikiana na Cella, imetangaza mpango wa kunasa hewa ukaa kutoka angani karibu na Naivasha na kuizika katika miamba ya Bonde la Ufa, kwa kutumia joto la ardhini. Joto hilo si la ziada. Dawa inayonasa gesi hutoa joto inapoishika, na ili kuiachilia gesi tayari kwa kuzikwa, joto lazima lirudishwe. Kemia haitoi mkopo bila riba.

Ukubwa wa mpango huo wa kwanza ni tani 1,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Ni mwanzo mzuri, na haustahili kubezwa. Lakini kwa kiwango cha IPCC kilichotajwa juu, hekta moja ya mboji iliyotolewa maji hutoa tani 40 za hewa ukaa kwa mwaka. Hekta 25 zinatosha kuifuta kazi yote ya mtambo huo. Hekta 25 ni shamba ambalo mtu hulizunguka kwa miguu ndani ya nusu saa.

Biashara ya kaboni huuza tani ya jiwe na tani ya mboji kwa kipimo kimoja, kana kwamba ni bidhaa moja. Sivyo. Tani ya jiwe ikishanunuliwa imemalizika. Tani ya mboji inahitaji maji mwaka huu, mwaka ujao, na kila mwaka unaofuata, na mwenye kuyalinda maji hayo ni mvuvi na mkulima wa vijiji kama Lokolama, karibu na Mbandaka, ambaye mara nyingi hakuwepo mkataba ulipotiwa saini. Novemba 2021 mjini Glasgow, Rais Félix Tshisekedi alikubaliana na mpango wa wafadhili wa CAFI kuhusu dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kulinda misitu. Julai 2022 Kinshasa ikapiga mnada vitalu 27 vya mafuta, baadhi vikigusa mboji. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa, kisha vikaja hivi vitalu 52. Maafisa wa Kinshasa wamesema bila kuficha kwamba wajibu wao wa kwanza ni kwa wananchi wao, na ni vigumu kuwalaumu: nchi zinazowashauri wasichimbe zilichimba. Kosa ni kuichukulia hifadhi kama mali iliyolala, inayosubiri tu bei nzuri. Mboji haisubiri. Ina maji au haina.

Akanyaru na Rugezi

Rwanda inaonyesha sura zote mbili ndani ya mipaka yake. Kaskazini mwa nchi, katika kinamasi cha Rugezi chenye mboji kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, mifereji na kilimo viliyapunguza maji hadi mwaka 2004, pamoja na uhaba wa mvua na matengenezo duni, kituo cha umeme cha Ntaruka kilichotegemea maji hayo kikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na nchi ikaingia gizani. Serikali iliwaondoa wakulima kinamasini, hatua iliyowaumiza wengi, na kupanda miti na majani kingoni. Maji yalirudi, umeme ukarudi, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Kusini mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Kituo cha Gishoma, wilayani Rusizi, kilijengwa kuzalisha megawati 15 kwa kuchoma mboji, na kile cha Gisagara, kando ya bonde la Akanyaru, megawati 80. Hoja ya Kigali inaeleweka: nchi isiyo na bandari wala mafuta inayo mboji inayokadiriwa kuwa tani milioni 155, na viwanda vinahitaji umeme. Lakini kwa kila gigajuli moja ya joto, mboji hutoa takriban kilo 106 za hewa ukaa. Makaa ya mawe hutoa kama 95, gesi asilia 56. Ni nishati inayochafua kuliko ile ambayo dunia nzima inaikimbia. Na Rwanda inayo gesi: tangu mwaka 2016 kituo cha KivuWatt huzalisha megawati 26 kwa methani ya Ziwa Kivu. Nchi moja, kinamasi kimoja kikileta umeme kwa kubaki na maji, kingine kwa kuyapoteza; cha kwanza kitaendelea mvua zikinyesha, cha pili kitakoma mboji ikiisha.

Burundi nayo husema, kwa haki, kwamba mboji inayopikia gereza ni miti ambayo haikukatwa. Kwa mwaka mmoja hoja hiyo ina nguvu. Kwa miaka kumi inapungua, kwa sababu mikaratusi hukatwa na kuchipua tena ndani ya muda huo, ilhali mita moja ya mboji hujengwa kwa maelfu ya miaka. Kuni hukopa kaboni na kuirudisha. Mboji ikishachomwa hakuna anayeirudisha katika uhai wa taifa lolote lililopo leo. Aidha, kinachochomwa tanurini ni sehemu tu ya kinachopotea, kwani bonde lililotolewa maji ili lichimbwe huendelea kuungua kimyakimya hata baada ya wachimbaji kuondoka, labda lijazwe maji upya.

Hili la mwisho halimhusu mchimbaji peke yake. Kila kiangazi wakulima wa pande zote mbili za Akanyaru hufungua mifereji ili wapande maharagwe na viazi vitamu kinamasini, na kwa familia nyingi hayo ndiyo mavuno yanayovusha miezi ya njaa. Anayewakataza lazima awaambie watakula nini. Ipo njia ya kati ambayo imejaribiwa kwingineko: vizuizi vidogo vya mbao au vya mifuko ya udongo ndani ya mfereji, vinavyoacha tabaka la juu likauke kiasi cha kutosha maharagwe na kuyabakiza maji sentimita chache chini yake, kisha kufungwa kabisa mavuno yakiisha. Mazao hupungua kidogo. Udongo hubaki.

Vizuizi vya namna hiyo, hata hivyo, havifanyi kazi upande mmoja. Akanyaru ndio mpaka wa Burundi na Rwanda, na mboji ya kingo zake imelowa maji ya bonde lilelile. Mfereji mrefu uliochimbwa Gisagara waweza kuyavuta maji yaliyo chini ya shamba la Mrundi, na mfereji wa Mrundi ukafanya vivyo hivyo kwa jirani yake, bila yeyote kuvuka mto wala kuonyesha pasipoti.